Aliye Mbali na Chungu

Kwetu hakuna anayenyanyuka kipindi kinapokwisha. Watu wa mahali pengine, yale majina madogo madogo yakianza kupanda kwenye kioo cha televisheni, ndipo wanapokwenda kutia maji kwenye birika. Sisi tunanyamaza na kusoma. Tunasoma nani alishika kamera, nani alishona nguo, nani aliendesha gari la chakula, mpaka tufike mwisho kabisa, kwenye jina la kampuni iliyotengeneza kipindi. Jina likiwa safi, tunakunywa chai. Likiwa ni lile jina, kipindi hicho kimekufa kwetu, kiwe kitamu namna gani.

Jina lenyewe silitaji. Kulitaja ni kulitangaza, na wale wana pesa za kutosha za kujitangaza wenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyompoteza kasisi. Ilikuwa hadithi ya polisi, ya kisiwa kimoja huko juu Uskoti, upepo mtupu na watu wasiopenda kusema, na kasisi amekutwa amekufa ndani ya zizi la kondoo. Juma la kwanza hatukusoma majina kwa sababu mwenzetu Glenys alimwaga chai tukawa tunapangusa zulia. Juma la pili tukasoma, na jina likapita mbele ya macho yetu likiwa limevaa nembo mpya kana kwamba hatutalitambua. Nikasimama nikasema, ndugu zangu, tumemaliza. Mpaka leo sijui nani alimwua yule kasisi, na usiku mwingine nikikosa usingizi namfikiria.

Nyumba yetu ni ya wazee wanaojipikia wenyewe, kila mtu na chumba chake na mlango wake, juu ya mtaa wa zamani wa wachimbaji wa makaa, katika bonde ambalo mvua yake haihitaji kuelezwa. Chini kuna sebule ya wote, na katika sebule kuna televisheni moja na rimoti moja. Penye rimoti moja na watu kumi pana haja ya kamati. Niliiunda mimi. Naitwa Emlyn, na kwa kuwa bonde hili lina akina Emlyn wa kutosha, na kila mtu hubandikwa jina la kazi yake au la kasoro yake, mimi huitwa Emlyn Hoja. Shule niliiacha ningali mtoto. Nilichosoma nilikisoma katika maktaba ya Ukumbi wa Wachimbaji, iliyojengwa kwa senti zilizokatwa kwenye mishahara ya babu zetu, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wachimbaji mgodini. Mgodi ulipofungwa hapakutokea mtu wa kuniondoa kitini, basi nikaja nacho huku.

Kila Jumatatu tunapiga kura. Tunapitisha maswali na majibu ya alasiri, wacheza dansi wa Jumamosi na manyoya yao, watu wanaopeleka mabuli ya bibi zao yakapimwe thamani na mabwana wenye miwani, na yule daktari wa mifugo ambaye kila juma mkono wake umezama ndani ya ng'ombe hadi begani. Huyo hupita bila kupingwa. Kilichopitishwa hutazamwa na wote, hata aliyekipinga hukaa akatazama, kwa sababu anayepinga ndani ya mkutano halafu akaenda kununa chumbani kwake hana tofauti na aliyeingia mgodini wakati wenzake wamegoma langoni.

Katika sebule hiyo kiti changu kiko kushoto kwa rafiki yangu Eirwen. Macho yake yameharibika katikati. Pembeni anaona, lakini akimtazama mtu usoni, uso ndio unaopotea. Ipo sauti ambayo televisheni yenyewe inaweza kumsimulia asiyeona. Tuliijaribu, akasema sauti ile inaongea kama mtu anayesoma hati ya kufukuzwa nyumba. Basi namsimulia mimi, kwa sauti ya chini, na malipo yangu ni kulalamikiwa.

"Emlyn," huniambia, "nimekuuliza amevaa nini. Sijakuuliza nani anamiliki kiwanda cha nguo."

Sasa lazima nirudi nyuma, maana bila huko nyuma hakuna la kuelewa huku mbele.

Katika mgomo mkuu wa wachimbaji, mwaka wa themanini na nne, tulikaa bila mshahara tangu majira ya kuchipua mpaka majira ya kuchipua mengine. Wanawake wa bonde walifungua jiko ukumbini, na jiko hilo lilikuwa la Eirwen. Alikuwa kijana bado, ana mikono kama ya mfua chuma, na alilisha mtaa mzima kwa viazi, mifupa ya kondoo na maneno makali. Ndipo siku moja ya baridi wakaja watu wa kamera kutoka London. Walikuwa wapole. Walipiga picha za foleni ya chakula, za viatu vya watoto vilivyoachama mbele, za sufuria zilizokwanguliwa mpaka zikang'aa. Sasa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya mapacha wa jirani, na mkulima mmoja wa mlimani alikuwa ameleta mayai, kwa hiyo Eirwen aliwaokea watoto keki. Walimpiga picha akiikata. Mtu alisema neno la kuchekesha naye akacheka.

Usiku tukajazana kwenye nyumba zenye televisheni. Foleni hatukuiona. Viatu hatukuviona. Tulichoona ni Eirwen, amefungua kinywa anacheka na kisu kimezama kwenye keki, na sauti ya bwana mmoja juu yake ikiuliza kwa upole kama hawa ndio wanaosema wana njaa.

Juma lile lile Nesta, mke wa Islwyn, alisimama mjini Cardiff na ndoo ya michango. Mama mmoja mwenye glavu nzuri akaitemea mate ndoo ile, akamwambia aende akale keki yake. Nesta alirudi na ndoo nyepesi. Hakulia. Aliiosha, kesho yake akarudi palepale.

Tawi likakaa. Azimio liliandikwa na mimi na kupitishwa bila mkono hata mmoja wa kulipinga: hakuna nyumba ya mwanachama itakayotazama kazi ya kampuni ile mpaka watakapokuja kuomba radhi katika ukumbi uleule, mbele ya watu walewale. Mpiga husahau, mpigwa hasahau. Leo ukumbi ule ni duka la mazulia, na wengi wa watu walewale wamelala kwenye mteremko nyuma ya kanisa, Nesta akiwa miongoni mwao. Mgodi hakuna, tawi hakuna. Azimio lipo. Halijawahi kufutwa, na lisilofutwa linafanya kazi.

Mambo yakakaa hivyo mpaka mwezi uliopita, Eirwen aliponikuta kwenye chumba cha mashine za kufulia, nimesimama nangoja soksi zangu zizunguke. Alishika ukingo wa mashine akanipa habari kama mtu anayetua mzigo. Mjukuu wake Lowri, anayepika katika jiko la shule huko Swansea, alikuwa amechaguliwa kuingia katika *Meza Ndefu*. Hata mimi nilikuwa nimekisikia kipindi hicho. Kilikuwa kimebandikwa ubavuni mwa kila basi. Wapishi wanaingizwa katika ghala moja la shambani, kila mmoja anapewa zamu ya kulisha wageni wasiomjua, waliokaa kwenye meza moja ndefu mno, na mwisho walaji na majaji wanaamua nani abaki na nani avue aproni. Nikampa hongera. Nikampa tena. Kisha nikauona uso wake nikaelewa.

"Ni wao, Emlyn. Amenitajia jina mwenyewe, kwa furaha. Mtoto hajui kitu."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba bibi yako aliwahi kucheka?"

Nikamwambia jambo ni jepesi. Nitapanda chumbani kwake usiku huo, tutafunga mlango, nitamsimulia kila kitu, na hakuna atakayejua. Nilisema hivyo mimi, niliyeliandika azimio kwa mkono wangu. Mtu akimpenda rafiki yake husema mengi mbele ya mashine ya kufulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote nimekula kwenye meza ya wote," akasema. "Sitaanza leo kula nyuma ya mlango. Nataka nikae kwenye kiti changu, nyinyi nyote mkiwa pale, na Lowri akipiga simu kuniuliza kama nilimwona, nimjibu tulimwona. Si nilimwona. Tulimwona. Leta kura."

Kwa hiyo nikaitisha mkutano wa dharura, jioni ileile ya kipindi, saa moja kamili, kipindi kikiwa saa mbili. Wote kumi tulishuka. Glenys wa Posta, aliyepeleka barua za bonde hili maisha yake yote na bado anajua za nani zilikuwa zinatoka kwa nani, alileta vikeki bapa vya zabibu akaviweka mezani, akasema si hongo. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mvua ilikuwa kwenye madirisha, mahali pake pa kawaida.

Glenys ndiye aliyetoa hoja: kwa usiku huu mmoja tu, azimio la mwaka wa mgomo liwekwe kando. Ikaungwa mkono. Eirwen akasema, kabla sijamkumbusha, kwamba anayetajwa ni damu yake na kwa hiyo yeye hatainua mkono. Ndiyo desturi yetu. Mwenye maslahi husema, hapigi kura. Kisha nikauliza nani anapinga, ingawa nilikuwa nikijua, na Islwyn akasimama.

Islwyn Taa alifanya kazi kwenye chumba cha taa mgodini. Ndiye aliyekupa taa asubuhi na kuipokea jioni, na taa isiyorudi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Ni mtu wa maneno machache, makamu wangu tangu enzi za tawi, na hatujawahi kupingana hata siku moja. Alizungumza bila kupandisha sauti. Alisema hana neno na mtoto Lowri, Mungu ambariki. Alisema kampuni haijaja, haijaandika, haijatuma hata mfagiaji wake. Alisema leo tunaliweka kando kwa mpishi, kesho tutaliweka kando kwa mcheza mpira, na keshokutwa tutakuwa hatukumbuki tulikasirikia nini. Kisha akamtaja Nesta. Hakusema mengi. Alisema aliiona ndoo ile kwa macho yake.

Yote yalikuwa kweli. Ningeweza kuyasema mimi, na kwa ukali zaidi. Na mtu asije akadhani nimepoa. Sijawasamehe wale, sina mpango wa kuwasamehe, na siku nitakayowasamehe mniite daktari.

Eirwen akaomba kusema. Alizungumza akiangalia pembeni, kwa sababu ndiko anakoona.

"Islwyn, Nesta alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo sitakubembeleza. Nataka kuwaambia kitu kimoja tu. Miaka yote hii mmekasirika kwa ajili yangu, na ninawashukuru. Lakini hamjawahi, hata mmoja wenu, kuniuliza kama ile keki ilikuwa tamu."

Glenys ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Haya, ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa kama tofali. Mayai yalikuwa machache nikaongeza maji. Ndiyo maana nilikuwa nacheka, kisu kilikuwa kimegoma kutoka. Mtu akasema tuwapelekee polisi langoni wavunjie meno."

Waliocheka walicheka kwa aibu, kama wanaochekea kanisani. Islwyn hakucheka, lakini aliinamisha kichwa. Saa ya ukutani ilikuwa imekwisha kupita saa moja na nusu. Nikaitisha kura.

Mikono minne ikaiunga mkono hoja. Mikono minne ikaipinga.

Hapa lazima nieleze, maana kila kitu kilining'inia hapa. Mwenyekiti hapigi kura. Kura zikilingana, ndipo mwenyekiti hutoa kura moja ya uamuzi, na desturi yetu, ya tangu babu zetu, ni kwamba kura hiyo huenda upande wa mambo yalivyo. Mwenyekiti hana ruhusa ya kubadilisha ambacho wanachama wenyewe hawakutosha kukibadilisha. Desturi hiyo niliwafundisha mimi. Nilishawahi kuitumia dhidi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Wote sebuleni walijua kura yangu ni ipi kabla sijafungua kinywa, na Eirwen alikuwa ameshaanza kupapasa fimbo yake ya kutembelea.

Njia moja tu ilikuwepo. Mwenyekiti anayetaka kuingia upande mmoja anaweza kukitoka kiti, akakaa na wanachama, akapiga kura kama mwanachama. Lakini anayekitoka kiti kwa sababu hiyo harudi. Atakayekikalia ndiye mwenyekiti mpaka uchaguzi mwingine, na kwetu uchaguzi mwingine hufanywa mtu akifa. Na anayekikalia kwanza, kwa haki, ni makamu. Makamu wangu alikuwa Islwyn. Akikikalia, mkono wake hauhesabiwi tena upande wa wapingaji, kwa sababu mwenyekiti hana mkono. Akikataa, kiti kingemwangukia Glenys, anayemfuata kwa cheo, mkono wa Glenys ungepotea upande wetu, mimi ningejaza pengo lake tu, na kura zingelingana palepale.

Nilisimama. Magoti yalisema kabla yangu.

"Ndugu wanachama, nakitoka kiti. Nataka kuiunga mkono hoja."

Glenys akaweka mkono mdomoni. Nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha kila siku, kushoto kwa Eirwen, na kile kiti cha mbele, chenye mto uliokwisha shika umbo langu, kikabaki kitupu kinatutazama.

"Sina hotuba," nikasema, na nikasikia mtu akikohoa kwa mshangao. "Islwyn amesema kweli tupu. Ila tulipoandika azimio, tuliapa kutowatazama wao. Hatukuapa kutomtazama mtoto wetu akiwa anapika. Nimemaliza."

Eirwen akaninong'oneza, "Umefanya nini, mpumbavu wewe?" Nilikuwa namwangalia Islwyn, na wote walikuwa wanamwangalia Islwyn, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajapiga hesabu. Alikuwa amesimama bado, ameshika mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Angeweza kusema hapana. Neno moja, na ingekuwa haki yake kamili, na mimi ningemheshimu mpaka kaburini na nisingemwomba hata chumvi.

Aliuachia mgongo wa kiti. Kisha akaanza kutembea, polepole, akipita nyuma ya viti vyetu, kama alivyokuwa akipita zamani nyuma ya kaunta ya taa, akihakikisha kila taa iko kwenye msumari wake. Akafika mbele. Akauangalia mto, akaupindua upande wa pili, akaketi.

"Nani anaunga mkono?" akauliza.

Mikono minne, na wangu wa tano.

"Nani anapinga?"

Mitatu. Yake ilikuwa imelala mapajani, kiganja juu ya kiganja.

"Hoja imepita. Kwa usiku huu mmoja." Akamtazama Glenys. "Washa. Halafu mtu anisaidie kukigeuza hiki kiti."

Hatukumwelewa mpaka tulipomwona akijaribu kukisukuma peke yake. Tulikigeuza. Akaketi tena, uso kwetu, mgongo kwa televisheni. Kura ni kura, kwa hiyo hakutoka sebuleni. Lakini kwenye televisheni hakuangalia.

Kipindi kikaanza kwa wingu. Lazima waanze na wingu wakija kwetu. Walionyesha bonde letu kutoka angani, kijivu, na kinanda kikilia taratibu, na msimulizi akasema Lowri anatoka mahali ambapo matumaini ni machache. Nikaguna.

"Nini hicho?" Eirwen akauliza. "Wanaonyesha nini?"

"Wanaonyesha bonde kana kwamba limekufa. Wanapenda sana kutuonyesha hivyo, maana wao ndio..."

"Emlyn. Usinihutubie leo. Niambie kilichopo."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia kilichopo. Mvua. Mteremko. Kondoo barabarani. Mnara wa kanisa. Kisha nikamwambia, huyo hapo Lowri, amefunga nywele kwa kitambaa cha kijani, amekunja mikono ya nguo mpaka kiwikoni. Ana makalio kama yako na anasimama miguu mbali mbali kama wewe. Ana chungu kikubwa cha kuweza kumwogesha mtoto. Anakata vitunguu vya liki. Anakata haraka, haangalii kisu.

"Asiangalie," akasema Eirwen. "Mifupa ameitoa?"

"Ameitoa. Anairudisha."

"Vizuri."

"Anapika nini?" Sauti ilitoka mbele. Islwyn, bila kugeuka.

"Supu ya kondoo, Ndugu Mwenyekiti. Ya viazi na liki."

"Mnajuaje hakutia nyanya? Vijana siku hizi wanatia nyanya."

"Hakutia nyanya," nikasema, na Eirwen akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kana kwamba nimemwondolea uchafu kwenye jina la ukoo.

Wageni wakaingia wakakaa kwenye ile meza. Kweli ilikuwa ndefu. Kamera ilipokuwa mwisho mmoja, watu wa mwisho wa pili walikuwa kama mbegu. Wapishi waliotangulia walianza na waliokuwa karibu na jiko, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Wa mwisho wakala baridi, au wakala kilichobaki. Ikafika zamu ya Lowri. Akateka supu kwenye ndoo mbili zenye vifuniko, akazinyanyua, akatembea. Akawapita wa kwanza. Akawapita wa katikati. Watu wakawa wanageuza shingo wakidhani amewasahau.

Nilisahau kusimulia. Nilikuwa nikizifuata zile ndoo kwa macho.

"Emlyn?" Eirwen alinishika mkono. "Anafanya nini? Mbona umenyamaza? Amemwaga?"

"Hajamwaga," nikasema. "Anakwenda mwisho wa meza. Ameanzia mwisho."

Vidole vyake vikakaza kwenye mkono wangu. Ndivyo jiko letu la mgomo lilivyogawa, kwa ndoo mbili za supu. Ukianza na walio karibu, wanaoweza kusogea husogea, na wazee na wenye aibu hubaki nyuma wakisema hawana njaa. Eirwen aliweka sheria siku ya pili ya jiko na haikuvunjwa mwaka mzima. Nilikuwa nimeisahau. Nakumbuka jina la kila msaliti wa bonde hili na jina la baba yake, na hilo nilikuwa nimelisahau.

Jaji mmoja, mtu mnene mpole mwenye ndevu, akamfuata Lowri akamwambia anapoteza muda, supu itapoa kwa wale wa karibu na jiko. Lowri alikuwa ameinama anamimina kwenye bakuli la mzee mmoja. Alijibu bila kunyanyua kichwa, kwa lafudhi yetu, kila neno likisikika.

"Wa kule jikoni wanasikia harufu, watangoja. Bibi yangu alinifundisha hivyo. Aliye mbali na chungu ndiye wa kwanza."

Jaji akasema aha, akaomba bakuli.

Glenys alikuwa ameshika kikeki nusu mkononi. Nikamtazama Islwyn, kwa sababu alikuwa ametukabili na hakuna mahali pa kuficha uso. Alikuwa ameuangalia ukuta ulio juu ya vichwa vyetu.

"Amesema nini?" akauliza. Alikuwa amesikia. Ana masikio ya popo.

"Amesema aliye mbali na chungu ndiye wa kwanza," Eirwen akamjibu.

"Nesta alikuwa anabeba ndoo ya kushoto."

"Na mimi ya kulia."

"Najua," akasema Islwyn. "Najua."

Hakugeuza kiti. Watu wa mahali pengine wangetaka akigeuze, wapige makofi. Alikaa vilevile mpaka mwisho, na kila baada ya muda akauliza swali, na mimi nikajibu, na nikajikuta nawasimulia watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja asiyeweza kuona na mmoja asiyetaka. Walaji na majaji walimbakiza Lowri. Aliyevua aproni alikuwa kijana mmoja aliyeweka maua kwenye samaki.

Majina yakaanza kupanda. Hakuna aliyenyanyuka. Niliyasoma kwa sauti, kama kawaida: washika kamera, waosha vyombo, mwenye ghala, madereva. Nilipofika mwisho nikalisoma na lile jina la kampuni, wazi, silabi kwa silabi, ili kila mtu asikie tulikuwa nyumbani kwa nani usiku huo. Glenys akazima.

"Limesikika," akasema Islwyn. "Azimio limerudi mahali pake kuanzia sasa."

"Ndugu Mwenyekiti," nikaanza, "kwa kuwa mtoto amebaki, juma lijalo..."

"Ukitaka kusema, inua mkono, Ndugu Emlyn."

Eirwen alicheka, kinywa wazi, kichwa nyuma. Simu yake ikaanza kulia mfukoni, akawa anaipapasa upande usio wake. Nikainua mkono. Islwyn akaniacha niuinue mpaka bega likaniuma, kisha akainama karibu, kama anayenipa ruhusa, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi tu niliisikia.

"Aliyemwua ni mke wa mwenye duka la dawa. Kasisi. Nilikwenda kutazama kwa dada yangu."

Nilikaa na mkono wangu juu. Kando yangu Eirwen alikuwa ameshaipata simu, anaongea kwa sauti ya watu wasioamini kwamba simu inafika mbali.

"Ndiyo, mwanangu. Tulikuona. Wote. Tulikuona."